Kuongeza nguvu ya gari la tabo: Hatari iliyojificha katika jedwali la mzigo

MAGARI ya tabo yaliyotumika kutoka Japani, hasa Subaru Impreza, Forester na Mitsubishi Lancer Evolution, yamekuwa na wapenzi wengi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa miaka mingi. Baadhi ya wamiliki hawaridhiki na nguvu iliyowekwa na mtengenezaji. Humwendea fundi mwenye kompyuta ya mkononi, naye huchomeka waya kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, akabadili tarakimu kadhaa, na gari likatoka gereji likiwa jepesi kuliko lilivyoingia.

Yapo yanayodumu. Yapo pia yanayorudi baada ya muda mfupi yakivutwa kwa kamba, pistoni ikiwa imetoboka au imemeguka kati ya ringi na ringi. Mwenye gari huambiwa kuwa alijaza petroli mbaya, na huenda ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo inahusu tarakimu ambayo kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi, huitegemea katika karibu kila uamuzi wake. Tarakimu hiyo ni mzigo.

Neno hilo lisimpotoshe msomaji. Hapa hatuzungumzii magunia yaliyo kwenye buti wala wingi wa abiria. Mzigo ni kiasi cha hewa kinachoingia ndani ya injini kila inapozunguka mara moja, na katika Subaru nyingi huhesabiwa kwa gramu. Sensa iliyo karibu na chujio la hewa hupima gramu zinazopita kwa sekunde, kisha kompyuta huzigawanya kwa mizunguko ya injini. Hewa ikipita gramu 200 kwa sekunde wakati injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kwa sekunde, mzigo ni gramu 2.0.

Injini ya lita mbili isiyo na tabo humeza takriban lita moja ya hewa kwa kila mzunguko. Kwa hiyo, ikiwa usawa wa bahari, ni vigumu kupita sana gramu 1.2. Kinachozidi hapo ni kazi ya tabo, inayozungushwa na moshi unaoelekea kwenye ekzosi na kuishindilia hewa kabla haijaingia katika silinda.

Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kuna majedwali. Upande mmoja wa jedwali huandikwa mizunguko ya injini, upande mwingine mzigo, na katika kila kisanduku kuna amri. Jedwali moja huiamuru plagi itoe cheche nyuzi kadhaa kabla pistoni haijafika kileleni. Jingine hueleza petroli ichanganywe kwa kiasi gani: kwa mwendo wa kawaida, gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Tabo inaposukuma kwa nguvu zote, hewa hushuka hadi kati ya gramu 11 na 12.

Mzigo unapokuwa mkubwa, cheche hucheleweshwa. Sababu yake ni kwamba hewa iliyoshindiliwa hupata joto kali, na mchanganyiko ukiwashwa mapema mno sehemu yake hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko kugonga kwa injini, na ndiko kunakovunja pistoni.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Jedwali la kiwandani linaishia kwenye mzigo wa gramu 2.4. Kwenye gramu 2.0 cheche hutolewa nyuzi 20 kabla ya kilele, na kwenye gramu 2.4 hutolewa nyuzi 14. Fundi ameongeza presha ya tabo na hewa sasa inafika gramu 2.8. Asipogusa jedwali, kompyuta itatumia safu ya mwisho, yaani nyuzi 14, ingawa hewa hiyo ingehitaji kucheleweshwa zaidi.

Fundi aliyesoma kidogo hufuta 2.4 kwenye kichwa cha safu na kuandika 2.8, akaacha amri zilizo chini yake kama zilivyo. Jedwali sasa linafika mbali, na kwenye kioo cha kompyuta linapendeza. Kumbe ameharibu hata sehemu iliyokuwa salama. Kompyuta hukadiria thamani iliyo kati ya safu mbili, hivyo gari likifika gramu 2.4, ambayo sasa ni katikati ya 2.0 na 2.8, litapewa nyuzi 17 badala ya 14. Cheche imewahishwa nyuzi tatu na hakuna aliyekusudia hivyo. Anayebadili kichwa cha safu hana budi kuzihesabu upya amri zote zinazoguswa na badiliko hilo.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa kuwa hufanywa kwa makusudi. Gari huwekewa nozeli kubwa zaidi, tuseme kwa asilimia 20. Njia ya haki ni kuiarifu kompyuta ukubwa mpya wa nozeli. Njia ya mkato ni kuidanganya sensa ya hewa: hewa ikiwa gramu 2.4, kompyuta ioneshwe 2.0. Petroli itatoka kwa kipimo kilekile kinachotakiwa, moshi hautakuwa mweusi, na mteja atalipa akiwa na furaha. Lakini jedwali la cheche nalo limeamini uongo huo. Linatoa nyuzi 20 mahali palipostahili 14.

Wapo watakaosema kuwa injini ina sensa ya kusikiliza kugonga, na kwamba kompyuta itaichelewesha cheche yenyewe. Ni kweli, ila sensa hiyo husikia mlipuko ambao tayari umetokea. Kuifanya tegemeo la kila siku ni sawa na kumpa mlinzi wa usiku kazi ya kujenga ukuta.

Kwa wasomaji wa Kenya kuna jambo jingine. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Gari ambalo tabo yake imewekewa kuongeza kiwango kilekile juu ya presha ya mahali lilipo, tuseme bar moja, likishuka pwani litashindilia karibu moja ya kumi zaidi ya hewa. Joto la pwani hupunguza sehemu ya ongezeko hilo, lakini hilohilo huongeza uwezekano wa kugonga. Visanduku ambavyo fundi wa Nairobi hakuvifikia kamwe wakati wa majaribio vitaguswa baada ya Mtito Andei, dereva akiwa analipita lori.

Aidha, magari mengi ya aina hii yaliyouzwa Japani yalikusudiwa petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni ya takriban 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Hivyo hata jedwali la kiwandani halina akiba kubwa ya kuchezea.

Fundi makini huanza na vipimo vya sensa na nozeli, na huhakikisha kompyuta haifanyi masahihisho makubwa ya petroli katika mwendo wa kawaida. Hufunga sensa pana ya oksijeni kwenye ekzosi, hurefusha jedwali, hujaza safu mpya kwa cheche iliyocheleweshwa kupita inavyohitajika, kisha huiwahisha kidogo kidogo huku akisoma kumbukumbu za kugonga. Kazi hiyo hufanyika kwenye mashine ya kupimia nguvu, si barabarani usiku.

Mwenye gari asiyejua kusoma majedwali anaweza kuuliza maswali mawili kabla ya kulipa. Mzigo mkubwa kabisa uliorekodiwa wakati wa majaribio ulikuwa kiasi gani, na safu ya mwisho ya jedwali inaishia wapi? Kisha aombe nakala ya faili la awali la kompyuta, abaki nayo nyumbani.