Acheni Kuuliza "Maana ya Asili"

Swali hubadilisha maneno tu, lakini ni lilelile: "Neno hili la Kiingereza, maana yake ya asili ni ipi?" Anayeuliza ni kijana wa mtaa wa Keshero, hapa Goma, anayejiandaa kwa mtihani wa kazi katika ONG (shirika lisilo la kiserikali), au mhubiri aliyefungua Biblia ya King James, au karani anayebishana na mwenzake juu ya barua. Nyuma ya swali hilo kuna imani isiyojadiliwa: kwamba maana ya kwanza ya neno ndiyo ya kweli, na zote zilizofuata ni uharibifu. Na kwa kuwa sisi wa Goma tumesomeshwa kwa Kifaransa, imani hiyo ina pacha wake. Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia kutoka Ufaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Basi, wanasema, anayejua Kifaransa tayari ameshika maana halisi, amebakiza matamshi tu. Mpaka kwenye vituo vya kufundishia Kiingereza kuna walimu wanaouza dawa hii. Haitibu kitu.

Ipimeni kwanza kwa lugha yenu wenyewe. Jina la Kiswahili limetokana na neno la Kiarabu la pwani. Kutoka Goma hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na ufuo pekee tulio nao ni wa ziwa Kivu. Kama asili ya neno ndiyo hakimu, hakuna mtu wa Keshero anayesema Kiswahili, na makala hii haisomeki. Hakuna anayekubali upuuzi huo kwa lugha yake, ila kwa lugha ya wengine unapokelewa kama elimu. "Nice" ilitokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, na Waingereza wa miaka ya 1300 waliitumia kwa mpumbavu. Ilipita kwenye maana ya mtu mchaguzi, kisha ya jambo lililopimwa kwa makini, hadi karne ya 18 ikawa ya kupendeza. "Silly" ilitembea njia ya kinyume, kutoka kwa mwenye heri hadi kwa mjinga. "Girl" aliwahi kuwa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. Anayeshikilia asili ajaribu kumwita mkubwa wake wa kazi "silly" kwa nia ya kumbariki, halafu atueleze yaliyompata.

Huyo pacha wa Kifaransa anastahili kipigo kirefu zaidi, kwa sababu ndiye anayeharibu barua na ripoti zetu. Kosa lake la kwanza ni kudhani kwamba Kifaransa kilibaki palepale huku Kiingereza kikihama. Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, alikuwa na chumba cha vitabu vyake katika mnara wa nyumbani kwake, na alikiita "librairie". Leo neno hilo kwa Kifaransa ni duka la vitabu, ilhali "library" ya Kiingereza bado ni mahali pa vitabu vya kusoma. Aliyehama hapo ni Mfaransa. Vivyo hivyo "déception" iliwahi kuwa udanganyifu kwa Wafaransa, maana ambayo "deception" ya Kiingereza inaishika hadi leo, wakati Kifaransa kimeigeuza kuwa masikitiko ya mtu aliyekosa alichotarajia.

Kosa lake la pili ni kudhani kwamba mzizi mmoja huleta maana moja. Tazameni "prevent". Mzizi wake wa Kilatini ni kuja mbele. Katika King James ya mwaka 1611, waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 4, linamaanisha kutangulia. Kwa Kiingereza cha leo ni kuzuia. Kwa Kifaransa "prévenir" ni kuzuia, lakini pia ni kuarifu au kuonya, na hiyo ya pili ndiyo inayotujia haraka kichwani. Mwandishi wa ripoti kuhusu mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 akitaka kusema kwamba wakazi walionywa, kisha akaandika "prevented", msomaji wa Nairobi ataelewa kwamba wakazi walizuiwa. Mzizi ni mmoja, maana ni tatu, na mzizi wenyewe hauwezi kukuonyesha ipi inatumika. Kujua kwamba babu alikuwa mvuvi hakukuambii mjukuu wake anafanya kazi gani leo.

Hapo mhubiri atapinga: je, Biblia si maandishi ya zamani, na maana ya zamani si ndiyo inayotakiwa? Ndiyo, inatakiwa, ila pingamizi hilo linaangusha hoja yake mwenyewe. Inayotakiwa ni maana ya mwaka wa maandishi, na si ya mwanzo kabisa wala ya leo. Mwaka 1611 "meat" ilikuwa chakula chochote, ndiyo maana sura ya kwanza ya Mwanzo inalitumia kwa mimea na matunda. Anayehubiri nyama hapo amepotea, na Biblia yake ya Kiswahili ingemrudisha njiani kwa dakika moja. "Let" katika waraka wa pili kwa Wathesalonike ni kuzuia, kinyume kabisa cha "let" tunayofundishwa darasani, kwa kuwa ni vitenzi viwili vya Kiingereza cha kale vilivyokuja kufanana sura. Lile la kuzuia limebaki katika pasipoti ya Uingereza na kwenye tenisi. Wengine husema kwamba mizizi ya Kilatini husaidia kukumbuka maneno. Inasaidia, kwa neno ambalo maana yake umeshaijua.

Cha kufanya ni kifupi. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928, hupanga maana kuanzia ya kale zaidi, kwa hiyo namba moja humo si lazima iwe maana ya kutumia leo. Tumieni kamusi za wanafunzi, za ukoo wa ile ya A. S. Hornby iliyochapishwa kwanza Japani mwaka 1942. Ziko bure kwenye simu, na hutanguliza maana inayotumika sana. Neno likiwa na alama ya "old-fashioned" au "old use", msiliandike. Someni mifano ya sentensi kabla ya maelezo. Neno linalofanana na la Kifaransa lishukuni kwanza, hasa "actually", "eventually", "assist" na "pretend". Na kama kuna barua inayosubiri kutumwa leo kwa ofisi ya Kampala au Nairobi, nanyi mmeandika "I demand" mkifikiria "je demande", ifungueni tena: kwa Kiingereza mmetoa amri. Wekeni "I would like to request".