Kurejesha Leseni Iliyofutwa Ni Uamuzi Mpya

Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, gramu za mchimbaji mdogo huingia sokoni pamoja na maandishi yake: leseni, uzito, bei, mrabaha. Maandishi yakishakaa kwenye kompyuta, kuyafuta ni kugusa riziki ya mtu. Ndiyo maana waundaji wengi wa mifumo hawaiondoi rekodi kabisa. Huiandikia tarehe ya kufutwa, ikatoweka kwenye orodha za kila siku huku ikibaki kwenye kanzidata. Karani akikosea, tarehe ile huondolewa na rekodi hurudi. Wepesi huo unadanganya. Kurejesha ni uamuzi mpya, unaostahili kukaguliwa kama ombi jipya.

Chukulia leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo kisheria hupewa Watanzania pekee na hudumu miaka 7. Imefutwa kimakosa, na kabla kosa halijagunduliwa, eneo lilelile likapewa kikundi kingine, kwa kuwa mfumo unapokagua mipaka hauzitazami leseni zilizofutwa. Ikirejeshwa bila ukaguzi, pande mbili zitadai eneo moja, kila upande na karatasi halali mkononi. Leseni pia ina rekodi zinazoitegemea: wabia, malipo, mauzo. Zilizofutwa pamoja nayo zinapaswa kurudi nayo, lakini mbia aliyejitoa mwenyewe mwaka uliotangulia hapaswi kufufuliwa. Basi kila tendo la kufuta lipewe namba, iandikwe kwenye rekodi zote lilizozigusa, ili urejeshaji uzirudishe hizo tu.

Wapo watakaosema ukaguzi utamchelewesha aliyeonewa, na kila siku ya kusimama kazi ni hasara kwake. Hofu hiyo ni ya haki, ila kompyuta hulinganisha mipaka kwa sekunde chache. Penye mgongano tu ndipo afisa anapohitajika, na hapo haraka humdhulumu mwingine. Wengine watakumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatambua haki ya mtu kutaka taarifa zake zisizo sahihi zifutwe. Ni kweli, na kuficha si kufuta. Taarifa za namna hiyo ziondolewe moja kwa moja, na rekodi nyingine zilizofichwa ziwekewe muda wa mwisho wa kutunzwa. Lakini kumbukumbu ya tendo lenyewe ibaki: mchimbaji wa Geita, au wa Kahama mkoani Shinyanga, ana haki ya kujua leseni yake ilifutwa na nani, ilirejeshwa na nani, na kwa sababu gani.