Masaa Saba Yaliyomliza Mama

Hivi msomaji wangu, umewahi kumuua mtu kwa mdomo tu? Mimi nusura.

Ilikuwa Desemba 2018, dada yangu anakwea pipa kwenda majuu, kozi ya miezi miwili. Dar mpaka Nairobi haikuwa tatizo. Kasheshe ni pale Nairobi mpaka New York bila kutua popote, safari ambayo Kenya Airways waliianzisha Oktoba mwaka huo huo. Mama akaniita: "Wewe ndiye uliyesoma, hebu niangalizie tiketi, dada yako atafika saa ngapi?"

Nikakohoa kidogo kama mwalimu. Kuondoka saa 5 na dakika 25 usiku, kufika saa 12 na dakika 25 asubuhi. "Masaa saba tu, mama. Mbeya kwa basi ni mbali zaidi!"

Kulipokucha mama yuko na simu mkononi. Saa 1, kimya. Saa 3, kimya. Saa 5 majirani wanaingia mmoja mmoja, khanga viunoni, na mama mdogo ameshatandika mkeka uani. Nilipouona ule mkeka nikatoka mbio kijiweni.

Pale kuna mshikaji fundi redio. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "We bwege, saa ya kufika ni ya kule kule! Wale saa hizi wako nyuma yetu masaa 8." Saba jumlisha nane, 15!

Tukapiga hesabu. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna kama kilomita 11,800. Ndege inakwenda kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo hewa ikitulia ni masaa 13. Lakini huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi, na dada alikuwa anaukabili uso kwa uso. Kwa yale masaa yangu saba, ndege ingebidi ikimbie karibu kilomita 1,700 kwa saa, yaani kuishinda sauti! Concorde ndiyo iliyoweza mbio hizo, nayo ilistaafu 2003, tena isingefika huko bila kutua kujaza mafuta.

Nikarudi kueleza. Nani anisikilize? Mama ananitazama kama mwizi wa kuku. Saa 8 mchana akaacha kulia, akanyamaza kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Saa 9 na dakika 10 simu ikalia. Dada analalamika baridi! Mama akakaa chini pale pale mchangani.

Februari 2019 dada akatutumia ratiba ya kurudi: kuondoka saa 6 na dakika 25 mchana, kufika kesho yake saa 4 na dakika 55 asubuhi. Ukihesabu kibwege ni masaa 22 na nusu. Toa 8, yanabaki 14 na nusu, maana safari hii upepo unamsukuma mgongoni. Nikajisogeza nimweleze mama. Kachukua simu yake, kanipita hivi hivi, moja kwa moja mpaka kwa fundi redio.