Kopo la Vitamini Mbele ya Kidonda cha Tumbo

Wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo hufika kliniki wakiwa na kopo mkononi: vitamini C, vitamini E, unga wa mlonge, vyote vikisifiwa kwa neno moja, antioksidanti. Huuliza, na wana haki ya kuuliza: je, vinalinda tumbo?

Dhana hii ina msingi. Ukuta wa tumbo unaposhambuliwa, chembe za kinga hutoa molekuli kali za oksijeni ambazo huunguza adui pamoja na ukuta wenyewe, antioksidanti huzizima. Panya wa maabara waliotangulia kupewa vitu hivyo, kisha wakanyweshwa alkoholi kali, mara nyingi hupata vidonda vichache. Lakini kidonda cha panya huyo ni cha saa chache. Mgonjwa wetu ameishi miaka mingi na bakteria Helicobacter pylori, au anameza diklofenaki kila siku kwa maumivu ya magoti. Chanzo hicho vitamini haikiondoi.

Ni kweli kwamba majimaji ya tumbo lenye bakteria huyu huwa na vitamini C pungufu. Hata hivyo, akishatokomezwa kwa dawa, kiwango hicho huelekea kupanda chenyewe. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, waliomtambua, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa kazi yao kidonda kikawa ugonjwa wa kupona kwa antibiotiki na dawa ya kupunguza asidi, zikimezwa mpaka dozi iishe.

Wala kopo si salama kwa kuwa tu linauzwa bila cheti cha daktari. Nchini Finland, katika utafiti wa wanaume wavutaji sigara 29,133 uliochapishwa mwaka 1994, waliopewa betakarotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Tena vidonge vingi vya mchanganyiko vina madini ya chuma, ambayo huufanya choo kuwa cheusi. Mtoa huduma aulize kwanza, lakini choo cheusi kinachonata kama lami, au matapishi yenye damu, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Anayetaka kujua kama bakteria ameondoka apime kinyesi au pumzi angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, akiwa ameacha omeprazoli wiki mbili kwa ushauri wa daktari. Vinginevyo majibu yaweza kumdanganya.