Mikono Tunayo, Boti Ziko Wapi? Safari ya Asiya Mohammed na Somo kwa Naivasha (Sehemu ya 2)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza misingi ya mbio za makasia: meta 2,000 za maji yaliyonyooka, boti nyembamba, na mchezaji anayeipa kisogo tamati anakokwenda. Leo tumtazame Mkenya aliyeupeleka mchezo huu mbali, kisha tujiulize safari yake inatufunza nini sisi tunaoishi kando ya Ziwa Naivasha.

Kenya ni jabali la riadha, lakini katika makasia ni nchi ndogo. Mwaka 2004 Ibrahim Githaiga alishiriki Olimpiki ya Athens katika boti ya mtu mmoja, na mwaka 2008 Matthew Lidaywa Mwika akafanya vivyo hivyo Beijing. Wote wawili walikuwa peke yao majini, na sababu yake inaeleweka. Boti ya watu wanane inahitaji wachezaji wanane wa kiwango kimoja, makocha na fedha nyingi. Nchi yenye boti chache huanza na mtu mmoja.

Asiya Mohammed Sururu ni mzaliwa wa Mombasa. Akiwa na umri wa miaka miwili aligongwa na treni, akapoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole vya mikono. Amecheza pia tenisi ya kiti cha magurudumu, lakini makasia ndiyo yaliyompa tiketi ya dunia. Oktoba 2019, katika mashindano ya Afrika ya kufuzu yaliyofanyika Tunis, alijipatia nafasi ya Paralimpiki ya Tokyo. Huko, Agosti 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushindana katika mchezo huu kwenye Paralimpiki.

Ili kuupima uzito wa jambo hilo, ni lazima tuelewe daraja lake, linaloitwa PR1. Katika boti ya kawaida kiti huteleza juu ya reli, na nguvu nyingi hutoka miguuni. Katika PR1 kiti hakisogei, mkanda humshika mchezaji kifuani, na maboya mawili hufungwa ubavuni boti isije ikapinduka. Kazi yote hubaki kwa mabega na mikono. Hadi Rio 2016 wachezaji wa Paralimpiki walishindana meta 1,000. Tangu 2017 umbali ukawa meta 2,000, sawa na wachezaji wa Olimpiki, hivyo Tokyo ilikuwa Paralimpiki ya kwanza ya masafa hayo. Dhahabu ya wanawake wa daraja hilo ilichukuliwa na Birgit Skarstein wa Norway. Asiya hakurudi na medali, lakini aliiandikisha Kenya katika mbio ambazo hakuna mwanamke wake aliyewahi kushiriki.

Mashindano yaleyale ya Tunis yalimfungulia mlango Kathleen Noble, mpiga makasia wa kwanza wa Uganda katika Olimpiki. Yeye alizaliwa Uganda na akaiwakilisha nchi hiyo katika uogeleaji mwaka 2012. Hata hivyo kasia la mashindano alilishika akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kwa sababu huko boti zipo, makocha wapo, na anayeanza hupokelewa. Uganda ina sehemu kubwa ya Ziwa Victoria. Maji yalikuwepo, ila gati lenye boti na mwalimu ndilo lililokosekana.

Hapa ndipo Naivasha inapoingia. Ziwa letu liko takriban meta 1,880 juu ya usawa wa bahari. Wapiga makasia wa Uingereza wamekuwa wakipanda hadi bwawa la Silvretta, Austria, penye karibu meta 2,000, ili wafanye mazoezi kwenye hewa nyepesi. Tena, kule Mombasa mwenye boti lazima afuate kujaa na kupwa kwa maji, lakini ziwa halina bamvua. Asubuhi hutulia, na upepo huanza kuvuma mchana.

Hatari zipo na tusizifiche. Viboko wameua wavuvi wetu, magugumaji huziba njia kwa siku moja, na maji yaliyopanda tangu 2019 na 2020 yamewahamisha watu wa mtaa wa Kihoto. Sehemu kubwa ya ufuo imo ndani ya mashamba ya maua na hoteli. Mtoto wa mtaa wa Karagita anaweza kukua akiliona ziwa kila siku bila kupata pa kuligusa.

Kwa hiyo ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Nakuru si uwanja wa mamilioni. Ni banda moja la boti katika ufuo wa umma, Kamere au Karagita, boti chache za kujifunzia, kocha anayelipwa, na njia ya majini iliyokaguliwa pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wavuvi washirikishwe tangu mwanzo, maana wao ndio wanaojua viboko hulala wapi na upepo hugeuka lini. Na gati lijengwe ili mwenye kiti cha magurudumu afike majini bila kubebwa. Asiya ameonyesha kwamba mikono tunayo. Kilichobaki ni wajibu wa umma.

Wiki ijayo: gharama ya boti ya mashindano, na namna mafundi wetu wanavyoweza kuitengeneza hapa nchini.