Kiti cha Babu Si Kuni

Makumbusho ni nyumba ya kutunzia vitu vya zamani ili watu wavione na kujifunza. Sisi wa Usukumani tunayo huko Bujora, Kisesa. Ukitoka Bariadi unapita Lamadi, halafu Magu. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliianza kazi hiyo miaka ya 1950. Humo mna ng'oma za watemi, viti vyao, na vifaa vya wachezaji wa Bagika na Bagalu.

Majumbani nako vipo. Lakini kiti cha babu kikivunjika mguu, tunakitia jikoni! Kikishaungua, hata jina lake hupotea. Basi tuwaulize wazee mapema: Kinaitwaje? Nani alikichonga? Kalamu tunayo, tuandike.