Ofisi ya Kanisa Nayo ni Mahali pa Kazi

Ofisi ya kanisa ni mahali pa kazi kama ofisi nyingine yoyote: ina mwajiri na waajiriwa, ina makaratasi, fedha na wageni. Mjini Bujumbura ofisi za namna hiyo ni nyingi, kuanzia sekretarieti za parokia za Jimbo Kuu Katoliki na makao ya dayosisi ya Kianglikana hadi vyumba viwili vitatu vilivyojengwa ubavuni mwa makanisa ya Kipentekoste katika mitaa ya Kamenge na Kanyosha. Humo hufanya kazi karani, mhasibu, dereva, msafishaji na mlinzi wa usiku, pamoja na mapadri, wachungaji na makatekista. Afya yao hutegemea mambo manne: jengo lenyewe, mgawanyo wa kazi na saa zake, uhusiano wao na viongozi, na mzigo wa shida za watu wanaowapokea kila siku. Penye kasoro katika moja ya hayo, moyo wa kujitolea hauzibi pengo. Huchelewesha tu siku ya pengo hilo kuonekana.

Msimamo huu si wa wataalamu wa afya peke yao. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu 1963, liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi za mfanyakazi, sawa na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu. Haki hiyo haiishii kwenye lango la kanisa.

Jengo, hewa na maji

Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa mita 770 hivi, chini sana kuliko Gitega na nyanda za juu za kati. Joto lake ni la bondeni, na ofisi iliyoezekwa kwa mabati bila dari haikaliki baada ya saa sita mchana. Mtu aliyechoshwa na joto hukosea hesabu, huumwa kichwa na hukasirika upesi. Dawa ya kwanza ni dari, hata ikiwa ya mbao nyepesi. Ya pili ni kivuli. Kwa kuwa jiji liko karibu na ikweta, jua la mchana hupita karibu na utosi, na kuta zinazopigwa zaidi ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Meza isiwekwe kwenye dirisha la magharibi lisilo na mti, kibaraza wala pazia zito. Ya tatu ni hewa inayopita: madirisha mawili yanayotazamana, yasiyozibwa na kabati, huufungulia njia upepo unaovuma mchana kutoka ziwani.

Kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, huja na vumbi, na ofisi ya kanisa ina vumbi lake la ziada, yaani kumbukumbu za zamani. Kijana anayetaka kufunga ndoa huja kuomba cheti cha ubatizo. Karani hupanda juu ya kiti, huvuta rejista nzito kutoka rafu ya juu, huifungua, na vumbi la miaka humwingia puani na machoni. Akifanya hivyo mara kadhaa kwa siku, kikohozi na maumivu ya mgongo si ajabu. Rejista zinazoulizwa mara kwa mara zikae kwenye kabati lenye milango, kati ya kiuno na kifua, zikiwa zimepangwa kwa miaka. Rafu zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu, kwani ufagio mkavu hulihamisha tu vumbi. Majina na namba za kurasa zikiingizwa kwenye kompyuta, daftari lenyewe hufunguliwa mara chache, nalo hudumu zaidi.

Umeme ukikatika, jenereta huwashwa, na hapo huja hatari kubwa kuliko zote za jengo. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliomo chumbani kabla hawajatambua kinachowapata. Jenereta haiwekwi ndani, barazani wala chini ya dirisha. Hukaa nje, angalau mita 6 kutoka kwenye jengo, bomba la moshi likielekezwa mbali na watu. Ofisi inayoweza kumudu paneli ndogo ya jua kwa ajili ya taa, kompyuta ya mkononi na simu hupunguza moshi, kelele na gharama ya mafuta kwa pamoja.

Maji ya kunywa yawe safi na ya kutosha, na mahali pa kunawa mikono pawe na sabuni siku zote, kwa sababu ofisi hupokea watu wengi na hushika noti zilizopita mikononi mwa wengi. Mwanzoni mwa 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa kipindupindu Bujumbura, na ofisi isiyo na sabuni ilikuwa hatarini sawa na soko. Choo cha wafanyakazi kiwe na mlango unaofungika kwa ndani, maji, na chombo cha taka chenye kifuniko. Madimbwi uani yafukiwe na mapipa yafunikwe ili mbu wasipate pa kuzaliana. Mlinzi wa usiku, ambaye husahaulika katika mipango mingi, ndiye anayeumwa na mbu kuliko wote. Kibanda chenye wavu, koti la mvua na tochi ni vifaa vyake vya kazi.

Kiti na meza vitazamwe pia. Miguu ifike sakafuni, mgongo uegemee, na ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho. Kiti cha plastiki kilicholetwa kutoka ukumbini hakimfai mtu anayekaa saa nane kwa siku. Ratiba ya mazoezi ya kwaya nayo ipangwe kwa makubaliano, ili vipaza sauti visipigwe wakati mhasibu anafunga hesabu za mwezi.

Kazi, saa na mapumziko

Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, kinasimulia jinsi Yethro alivyomkuta mkwewe Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwonya kwamba atajichosha yeye na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Ni mgawanyo wa majukumu, na ofisi nyingi za kanisa bado zinauhitaji. Karani hupokea simu, huandika matangazo ya Jumapili, huwaandalia wageni chai, hununua mishumaa na kumsaidia mchungaji kazi zake binafsi. Kila mfanyakazi apewe karatasi moja inayotaja kazi zake, anayempa maagizo, na nani anayeshika nafasi yake asipokuwepo. Anayeagizwa na watu watatu hawezi kumridhisha hata mmoja.

Jumapili huleta tatizo ambalo ofisi nyingine hazina. Mfanyakazi wa kanisa ni muumini pia. Anapotoka ibadani hukutana na mtu anayeulizia cheti, mwingine anayetaka ukumbi wa harusi na mwingine anayelalamikia mchango wake. Siku yake ya ibada hugeuka siku ya kazi, kisha Jumatatu asubuhi hutarajiwa mezani. Mkataba namba 106 wa ILO wa 1957, unaohusu biashara na ofisi, unataka mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Aliyehudumu Jumapili apewe siku nyingine, itangazwe kwa waumini na iheshimiwe, simu zikiwemo. Ujumbe wa WhatsApp wa saa nne usiku usiohusu msiba wala mgonjwa unaweza kungoja asubuhi. Uchunguzi wa pamoja wa ILO na Shirika la Afya Duniani (WHO), uliotolewa 2021, ulionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. Mwili hauhesabu kama saa hizo zilikuwa za kanisa au za kiwanda.

Saa za kuingia zipangwe kwa kuangalia hali ya jiji. Uhaba wa mafuta umewafanya wengi wapange foleni ndefu za basi au watembee kwa miguu. Kiongozi anayeruhusu kuanza saa moja na nusu au saa mbili na nusu, kwa sharti la kutimiza saa za siku, hupata wafanyakazi waliotulia kuliko anayemkaripia kila anayechelewa.

Mkataba na fedha

Hakuna kinachovuruga usingizi wa mfanyakazi kama kutojua mshahara utatoka lini. Kanuni ya Kazi ya Burundi iliyorekebishwa kwa sheria ya 24 Novemba 2020 inahusu mahusiano ya mwajiri na mwajiriwa, na karani, dereva au mlinzi wa kanisa ni mwajiriwa. Anastahili mkataba na kuandikishwa katika Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (INSS), inayoshughulikia pensheni na ajali za kazini. Kumwita mfanyakazi mtu wa kujitolea huku akitakiwa kufika kila siku ni kumnyima vyote viwili. Mkataba ukiandikwa kwa Kifaransa, usomwe na kuelezwa kwa Kirundi au Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi, kwa maana sahihi ya mtu asiyeelewa alichosaini haimlindi. Sadaka zikipungua, mishahara itangulie matumizi mengine, na ucheleweshaji utangazwe mapema pamoja na tarehe.

Utunzaji wa fedha ni suala la afya pia, kwa sababu shaka humdhoofisha mtu na kuidhoofisha ofisi nzima. Mhasibu anayehesabu sadaka peke yake, mlango umefungwa, hana shahidi siku hesabu isipolingana, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Utaratibu salama ni rahisi: watu wawili au watatu wasio wa familia moja wahesabu mezani, waandike jumla kwa noti na sarafu, watie sahihi wote, na fedha ziende benki siku ya kazi inayofuata. Anayepokea asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi. Hapo mhasibu hurudi nyumbani bila hofu.

Kiongozi na walio chini yake

Katika kanisa, anayetoa maagizo ya kazi mara nyingi ndiye anayebatiza watoto wa mfanyakazi, anayefungisha ndoa yake na kusikiliza siri zake. Uhusiano huo una baraka zake, lakini una hatari: kukataa kazi ya ziada huonekana kama kumkataa Mungu, na malalamiko ya mshahara huonekana kama upungufu wa imani. Kanisa linalojali hutenganisha majukumu hayo. Mfanyakazi awe na padri au mchungaji mwingine wa kumwendea kwa mambo ya roho, na masuala ya kazi yashughulikiwe na kamati ndogo ya watu wasiomtegemea kiongozi huyo, wanawake wakiwemo.

Burundi ina urithi wake wa kusuluhisha. Bashingantahe, watu wa busara wanaoheshimiwa kilimani, huzisikiliza pande zote mbili kabla ya kukata shauri. Ofisi inaweza kufuata mwenendo huo kwa ugomvi wa kawaida: ukaripio usitolewe mbele ya wageni, kila upande usikilizwe, na uamuzi uandikwe. Lakini unyanyasaji wa kingono na vipigo si ugomvi wa kupatanishwa. Mkataba namba 190 wa ILO wa 2019 unautaja unyanyasaji kazini kuwa uvunjaji wa haki, na mlalamikaji hapaswi kusukumwa kusamehe ili jina la kanisa lisichafuke. Chumba cha ushauri kiwe na kioo mlangoni: wanaopita waone waliomo bila kusikia wanayosema. Kioo hicho humlinda anayeshauriwa na anayeshauri pia.

Mzigo wa kusikiliza

Wanaobisha hodi katika ofisi ya kanisa huleta njaa, karo za shule, magonjwa na misiba. Katika Bujumbura huleta pia majeraha ya vita vilivyoanza 1993 na ya msukosuko wa 2015. Anayewapokea wa kwanza ni karani, ambaye huenda naye alipoteza ndugu katika miaka hiyo hiyo. Kazi ya kusikiliza inahitaji mafunzo. Shirika la THARS, lililoanzishwa Burundi mwaka 2000 na David Niyonzima, mchungaji wa Kikwekeri, limejitolea kwa uponyaji wa majeraha hayo na maridhiano, na uzoefu wake ni hazina iliyo karibu na makanisa yote ya jiji.

Tangu 2019 WHO imeeleza dalili tatu za uchovu wa kazini unaotokana na mfadhaiko wa muda mrefu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuwa mbali nayo moyoni, na kuhisi kwamba juhudi hazizai matunda. Mtumishi aliyekuwa mpole akianza kuwafokea wenye shida, huenda ni dalili ya uchovu huo kabla ya kuwa tabia mbaya. Kinga yake ni ya kiutaratibu. Siku na saa za kupokea wenye shida zibandikwe mlangoni, kiasi cha msaada kiamuliwe na kamati ili karani asibebe lawama ya kukataa, mapokezi yafanywe kwa zamu, na kila wiki pawepo muda mfupi wa wafanyakazi kuelezana yaliyowalemea bila kutaja majina ya waliowasikiliza. Usingizi ukikatika kwa majuma, au mtu akitamka kwamba hataki kuishi, apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kukawia. Maombi yaendelee pamoja na matibabu.

Pa kuanzia

Mabadiliko huanza kwa ukaguzi wa nusu siku. Kiongozi mmoja, mfanyakazi mmoja wa ofisini na mmoja wa nje, kama mlinzi au msafishaji, wazunguke pamoja wakiandika wanachokiona: dirisha lililozibwa, jenereta iliyo karibu mno, kiti kilichovunjika, mkataba uliokosekana, siku ya mapumziko isiyoheshimiwa. Yasiyohitaji fedha yafanyike wiki hiyo hiyo, kwani kuhamisha jenereta, kupanga rafu upya, kuandika majukumu na kutangaza siku ya mapumziko hakuna gharama kubwa. Yanayohitaji fedha, kama dari, viti na michango ya INSS, yaingizwe katika bajeti ya mwaka pamoja na tarehe na jina la mhusika. Ukaguzi urudiwe kila baada ya miezi mitatu, na matokeo yake yasomwe kwenye baraza la wazee au halmashauri ya parokia kama inavyosomwa taarifa ya fedha.